Mfumuko wa bei, ukosefu wa kazi na mtaa wa Winson Green: nani anamlipia nani?



Mie ni mkazi wa Winson Green, Birmingham. Ni mwendo mfupi wa tramu kutoka katikati ya jiji, lakini ukimtajia Mwingereza kuwa unaishi huku, kwanza ananyamaza, halafu anauliza kama ni karibu na jela. Ndiyo, ni karibu na jela. Imekuwapo hapa tangu 1849 na watu huiita kwa jina la mtaa tu. Swali la pili huwa ni hili: je, ni karibu na ule mtaa wa kwenye televisheni? Ndiyo, na huo pia ni karibu. Kwa wenzetu walioko nyumbani, labda njia rahisi ya kupajua ni kwamba tuko jimbo la Ladywood, alikokuwa mbunge Clare Short kuanzia 1983 hadi 2010, yule mama waziri aliyepinga Tanzania kuuziwa ile rada.

Nataka kuandika juu ya uhusiano wa mfumuko wa bei na ukosefu wa kazi. Najua wachumi mpo, na mtasema somo hili limeshafundishwa likaisha. Mie si mchumi. Ni mtu wa fasihi, na ninachofanya hapa ni uhakiki tu. Nina matini mbili mkononi. Moja ni makala ya mhadhiri wa London ya mwaka 1958. Nyingine ni kipindi cha televisheni cha mwaka 2014. Ni nadra kuziona zimewekwa meza moja, lakini zinamzungumzia mtu yuleyule, na nikizisoma pamoja naona moja inaikanusha nyingine. Hoja yangu ni fupi: huwezi kumhitaji mtu akose kazi ili bei zitulie, kisha ukamtukana kwa kukosa kazi.

Nianze na kipindi, maana ndicho kilichotuletea jina baya.

Januari 2014 Channel 4 ilianza kuonyesha Benefits Street, yaani mtaa wa posho, hizi posho za serikali ambazo sisi wabeba maboksi tunaziita benefiti. Mtaa wenyewe ni James Turner Street, hapahapa Winson Green. Sehemu ya kwanza ilitazamwa na watu zaidi ya milioni 4. Malalamiko yakamiminika kwa Ofcom, wasimamizi wa utangazaji. Baadhi ya wakazi walisema waliambiwa filamu itahusu ujirani na mshikamano, wakaja kujikuta wamekuwa kichekesho cha nchi nzima. Katikati ya mwaka huohuo Ofcom iliamua kuwa kanuni hazikuvunjwa. Sawa, kanuni hazikuvunjwa. Lakini mhakiki hafungwi na kanuni za Ofcom.

Sisi tunaofundisha tamthilia huwauliza wanafunzi: nani hayupo jukwaani? Katika Benefits Street tunamwona mama anayelea watoto peke yake, mwizi wa madukani, Waromania waliofika juzi, watu waliokaa kwenye ngazi za milango yao mchana kutwa. Asiyeonekana ni mwajiri, ni gavana wa benki, ni waziri wa fedha. Kiwanda hakionekani hata kikiwa kimefungwa. Ni kama mtu aandike riwaya ya njaa asitaje mvua. Mtazamaji anabaki na maelezo mamoja tu: hawa wako hivi kwa sababu ni watu wa hivi.

Kuna mhusika mmoja ambaye kwangu ndiye aliyebeba kipindi kizima, ingawa waandaaji walimweka kama kituko. Ni jamaa aliyekuwa akipita mlango kwa mlango akiuza vitu vya kupima kwa senti 50: sukari kidogo, maziwa kidogo, sabuni ya unga kidogo. Waingereza walicheka. Mie nilishtuka, maana nilimfahamu. Huyu si ndiye yule wa mafuta ya kupima na sukari ya kibaba? Hakuna Mswahili asiyejua kwa nini watu hununua vitu kwa kipimo. Si kwa kuwa ni rahisi. Ukipiga hesabu, kwa kilo ni ghali zaidi. Wananunua hivyo kwa kuwa pesa ya pakiti nzima haijapatikana kwa siku moja. Huyo jamaa nitamrudia.

Sasa twende kwenye matini ya pili.

Alban William Phillips alikuwa mtu wa New Zealand, fundi wa umeme, aliyepata kuwa mateka wa Wajapani wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Baada ya vita alisoma na kufundisha London School of Economics. Mwaka 1949 alitengeneza mashine ya kuonyesha uchumi kwa maji ya rangi yakipita kwenye mabomba na matangi, na mashine hiyo ilifanya kazi kweli. Mwaka 1958 alichapisha katika jarida la Economica takwimu za Uingereza kuanzia 1861 hadi 1957. Aliona kwamba miaka ambayo wasio na kazi walikuwa wachache, mishahara ilipanda haraka. Walipokuwa wengi, ilipanda polepole au ikashuka. Akachora mstari uliopinda, na huo ndio mchoro wa Phillips ambao kila mwanafunzi wa uchumi ameuchora kwenye mtihani.

Mantiki yake haihitaji digrii. Bosi akijua kuwa nje ya geti kuna watu 50 wanasubiri nafasi yako, hakuongezi mshahara, na wewe mwenyewe huthubutu kuomba. Akijua hakuna mtu nje ya geti, anakusikiliza. Mshahara ukipanda, anaongeza bei ya bidhaa. Phillips alifika hata kutaja kiwango: kwa hesabu zake, ukosefu wa kazi wa chini kidogo ya asilimia 2.5 ungetosha kutuliza bei, na wa kama asilimia 5.5 ungetuliza mishahara yenyewe.

Phillips mwenyewe alikuwa mtu makini na makala yake ni ya tahadhari. Waliomfuata hawakuwa na tahadhari hiyo. Mwaka 1960 Paul Samuelson na Robert Solow waliuchora mchoro wa Marekani kwa namna iliyofanya uonekane kama menyu ya hoteli: serikali ichague, mfumuko kiasi hiki na wasio na kazi kiasi kile. Desemba 1967 Milton Friedman akasema menyu hiyo haidumu. Wafanyakazi si wajinga. Bei zikizoeleka kupanda, nao wataweka ongezeko hilo kwenye madai yao, na serikali itabaki na mfumuko mkubwa bila kazi za ziada. Akasema kuna kiwango cha asili cha ukosefu wa kazi, na ukijaribu kushuka chini yake bei zitakimbia.

Hapo kwenye neno "asili" nawaomba tusimame kidogo. Mvua ni ya asili. Mafuriko ya Rufiji ni ya asili. Lakini kiwango cha wasio na kazi ambacho benki kuu inakilinda kwa kupandisha riba kina uasili gani? Friedman alijitetea kuwa neno hilo halimaanishi kwamba kiwango hakibadiliki, kwani sheria na taratibu za soko huweza kukibadilisha. Sawa. Lakini neno likishatoka mdomoni linafanya kazi yake lenyewe. Linamwondoa mtendaji kwenye sentensi. Badala ya kusema "tumewaacha watu hawa nje", unasema "kuna kiwango cha asili". Kabla ya hapo, mwaka 1943, Mpoland Michał Kalecki alishalieleza jambo hili bila pazia: kwamba wenye viwanda hawaupendi uchumi ambao kila mtu ana kazi, kwa sababu mle kitisho cha kufukuzwa hakimtishi mtu.

Sasa ziwekeni matini hizi mbili pamoja. Makala ya mchumi inasema: ili bei zitulie, lazima watu kiasi fulani wasiwe na kazi. Kipindi cha televisheni kinasema: hawa hawana kazi kwa sababu ni wavivu. Ikiwa ya kwanza ni kweli, basi mtu wa James Turner Street yuko zamu. Yeye kukaa pale kwenye ngazi ndiko kunakofanya mshahara wa jirani usipande, na bei ya mkate wa mtu wa London isipande. Hata akijirekebisha kesho akapata kazi, mwingine itabidi akae kwenye ngazi ile, maana hesabu inadai hivyo. Na ikiwa ya pili ni kweli, kwamba kila mmoja angeweza kuwa na kazi angetaka tu, basi riba hupandishwa ya nini? Chagueni moja. Serikali na magazeti ya nchi hii yamezishika zote mbili kwa miaka zaidi ya 40, na hapa Winson Green ndipo zinapokutana.

Nina jirani, mzee kutoka Jamaika, aliyefika miaka ya 60 na kufanya kazi kiwanda cha kusubu chuma upande wa Smethwick. Wakati ule, anasema, ukigombana na msimamizi asubuhi, mchana ulikuwa umeshapata kazi kiwanda cha jirani. Huo ndio upande wa kushoto wa mchoro wa Phillips, umesimuliwa na aliyeuishi. Halafu yakaja ya 1973, bei ya mafuta ikapaa. Mwaka 1975 mfumuko wa bei Uingereza ulipita asilimia 24 na wakati huohuo wasio na kazi wakakaribia milioni moja na kuzidi. Vyote viwili vikapanda pamoja, jambo ambalo menyu haikuliruhusu.

Serikali ya Margaret Thatcher iliingia Mei 1979. Novemba mwaka huo riba ya benki kuu ilifika asilimia 17. Pauni nayo ikawa na nguvu, ikisukumwa na riba hiyo na mafuta ya Bahari ya Kaskazini, hata bidhaa za viwanda vya huku zikawa ghali kwa mnunuzi wa nje. Kiwanda kinachokopa kununua malighafi na kinachouza nje kikakabwa shingo pande zote mbili. Mfumuko, uliofika karibu asilimia 22 katikati ya 1980, ulishuka chini ya asilimia 5 mwaka 1983. Ushindi huo! Lakini Januari 1982 wasio na kazi walipita milioni 3. Mzee wangu alikuwa mmoja wao. Kiwanda kilifungwa 1981. "Sikuiacha kazi mimi," aliniambia, "kazi ndiyo iliyohama bila kuaga." Hakupata ya kudumu tena. Miaka michache baadaye akahamishiwa kwenye posho ya wagonjwa, kama wengi wa rika lake, na hapo akatoweka hata kwenye hesabu ya wasio na kazi.

Kuna wengine wasiohesabiwa. Utafiti unaotoa takwimu za ajira hupita nyumba kwa nyumba. Walioko nyuma ya ule ukuta wa jela si sehemu ya nguvukazi wala ya wasio na kazi. Kwa hiyo mtaa wetu una namna tatu za kukosa kazi, na takwimu inaiona moja tu.

Mei 1991, katika mdororo mwingine, Waziri wa Fedha Norman Lamont alilieleza Bunge kwamba ukosefu wa kazi na mdororo ulikuwa bei iliyostahili kabisa kulipwa ili kuushusha mfumuko. Watu walimlaani, na mie nadhani walimwonea kidogo. Alikuwa mkweli kuliko wenzake. Kosa lake lilikuwa kutotaja mlipaji. Kila bei ina anayelipa, na bei hii haikulipwa na waliokuwa wamekaa kwenye viti vile vya kijani.

Mtu ataniambia: ndugu, unapotosha, wasio na kazi wa kiwango cha asili ni watu wanaohama tu kutoka kazi moja kwenda nyingine. Labda kwingine. Ladywood imekuwa miongoni mwa majimbo yenye wasio na kazi wengi kuliko yote Uingereza kwa miongo kadhaa, chini ya serikali za vyama vyote, uchumi ukikua na ukidorora. Hao si watu walioko njiani. Ni watu waliofika mwisho wa njia.

Na hapa ndipo penye uchungu zaidi, na nawashukuru wachumi wenyewe kwa kunifundisha. Miaka ya 80 Richard Layard na wenzake walionyesha kwamba mtu aliyekaa bila kazi kwa muda mrefu hashushi mishahara kama aliyeachishwa juzi. Mwajiri hamtazami tena, ujuzi umechakaa, naye ameshachoka kuomba. Kwa hiyo hata ile kazi ya kusimama nje ya geti na kuwatisha walioko ndani haifanyi. Mnaona maana yake? Watu wa Winson Green walitolewa kafara kwa ajili ya kutuliza bei, halafu baada ya miaka michache kafara yenyewe haikuwa na faida hata kwa walioitoa. Ilibaki mazoea tu, na baadaye kipindi cha televisheni.

Turudi basi kwenye swali la kitaaluma: huo mchoro bado unasema kweli? Tazameni wenyewe. Mwishoni mwa 2011 ukosefu wa kazi Uingereza ulikuwa karibu asilimia 8.5. Kufikia 2019 ulikuwa chini ya asilimia 4. Kwa mujibu wa waliotufundisha, bei zilipaswa kukimbia. Hazikukimbia, mwaka 2019 mfumuko ulikuwa karibu na asilimia 2 inayolengwa. Kazi zilikuwapo, lakini kazi gani? Mikataba isiyo na saa maalumu, maghala, kusambaza vifurushi. Mtu ana kazi na bado hana ubavu wa kudai. Mchoro wa Phillips ulipimwa enzi za vyama vya wafanyakazi. Ukivivunja vyama, unabaki na mstari usio na watu.

Halafu ikaja 2022. Oktoba mwaka huo mfumuko ulifika asilimia 11.1, mkubwa kuliko wowote kwa miaka 40. Na ukosefu wa kazi ulikuwa umeshuka hadi kama asilimia 3.5, wa chini kabisa tangu 1974. "Si unaona!" watasema. Ngojeni. Kilichopandisha bei kwanza kilikuwa gesi, mafuta na nafaka, baada ya Urusi kuivamia Ukraine Februari mwaka huo, juu ya vurugu za ugavi zilizoachwa na UVIKO-19. Mishahara ilikuwa ikizikimbilia bei kwa nyuma bila kuzifikia. Thamani halisi ya mshahara ilipungua mwaka ule. Wapo wachumi wanaosema uhaba wa wafanyakazi ulichangia mfumuko usishuke upesi baadaye, na hilo silikatai. Lakini moto uliwashwa kwingine. Hata hivyo mwezi huohuo wa Februari, Gavana wa Bank of England, Andrew Bailey, aliwaomba wafanyakazi wajizuie kudai nyongeza kubwa za mishahara. Na riba ikapanda kutoka asilimia 0.1 mwishoni mwa 2021 hadi 5.25 Agosti 2023. Sijaelewa mpaka leo ni vipi mtu wa Winson Green akikosa kazi, gesi ya Norway inashuka bei.

Kuna ukurasa mmoja ambao vitabu vya mchoro huu huuruka kabisa: asiye na kazi naye hununua vitu. Mwaka 2012 posho ya mtu mzima anayetafuta kazi ilikuwa pauni 71 kwa wiki. Mwaka 2019 ilikuwa pauni 73.10. Miaka saba, nyongeza pauni 2 na senti 10, kwa sababu kwanza nyongeza ilifungwa kwenye asilimia 1 kwa mwaka, kisha kuanzia 2016 ikagandishwa kabisa kwa miaka minne. Bei kwa miaka hiyohiyo zilipanda kwa zaidi ya asilimia 10. Halafu Aprili 2022: posho iliongezwa asilimia 3.1, kwa kufuata mfumuko wa Septemba iliyopita. Mwezi uleule kikomo cha bei ya gesi na umeme kilipandishwa kwa asilimia 54. Majirani zangu wengi wana mita za kulipia kabla, LUKU ya huku. Kadi ikiisha, giza. Kwa hiyo mtu huyu analipa mara mbili: analipa kwa kukosa kazi ili bei zishuke, na bei zisiposhuka analipa tena dukani.

Sasa nyumbani. Hapa nataka kuwachokoza wasomi wenzangu, mnisamehe.

Tumeuchukua mchoro huu mzimamzima tukaupeleka kwenye vyuo vyetu. Mwanafunzi wa Mlimani au Makerere anauchora vizuri kabisa, wakati kitu unachokipima, yaani mshahara unaojadiliwa baina ya mwajiri na chama cha wafanyakazi, ni cha watu wachache sana kule. Nchini Uganda, mwaka 2011, baada ya uchaguzi wa Februari, bei za chakula na mafuta zilipaa. Aprili, Kizza Besigye na wenzake wakaanza ile kampeni ya kutembea kwa miguu kwenda kazini, wakapigwa mabomu ya machozi. Oktoba mfumuko ulipita asilimia 30. Je, ni kwa sababu Waganda wote walikuwa na kazi na mishahara minono? Ukame ulipunguza chakula, shilingi ilidondoka, na pesa za msimu wa uchaguzi zilikuwa mtaani. Benki Kuu ya Uganda ilipandisha riba yake hadi asilimia 23 Novemba. Mfumuko ulishuka mwaka uliofuata, nakiri. Lakini mfanyabiashara mdogo aliyekuwa na mkopo Owino alilipia mvua ambayo hakuizuia yeye.

Upande mwingine wa shilingi pia upo. Tanzania, miaka ya kati ya 2016 na 2019, mfumuko ulikuwa mdogo, chini ya asilimia 6. Kwenye taarifa za kitaalamu huo ni utulivu. Mtaani watu walikuwa na neno lao: vyuma vimekaza. Bei hazipandi, lakini pesa ya kununulia haionekani. Mie nadhani "vyuma vimekaza" ni dhana ya kiuchumi kamili, na ni aibu kwetu kwamba hatujaiandikia hata makala moja ya maana wakati kiwango cha asili tumekiandikia tasnifu. Kenya nayo: Juni 2024, vijana walipoingia hadi ndani ya Bunge Nairobi kuupinga Muswada wa Fedha, mfumuko ulikuwa asilimia 4.6 tu, ndani ya lengo la benki kuu. Wale vijana hawakuwa wakilalamikia mstari. Walilalamikia kodi, na kwamba wana vyeti na hawana kazi.

Na nani hasa hana kazi kule kwetu? Hakuna posho, kwa hiyo hakuna anayemudu kukaa bila kazi. Aliyepunguzwa kiwandani kesho yake ni machinga, ni bodaboda, anauza vocha. Kwenye takwimu ana kazi. Yaani kwetu kila mtu ni yule jamaa wa senti 50 wa James Turner Street. Na yeye, waungwana, ndiye aliyenifanya niandike. Kipindi kilimweka kwenye orodha ya wasiotaka kazi, huku kikimwonyesha akifanya kazi: ananunua jumla, anapima, anatembea, anauza. Alikuwa ameisoma hali ya mfumuko wa bei ya mtaa wake vizuri kuliko waandaaji, akajua kwamba pale watu hawawezi tena kununua pakiti nzima.

Sitaki nisomwe vibaya. Sisemi mfumuko ni jambo dogo. Mtu aliyepanga foleni ya unga wa yanga Dar es Salaam, aliyeona mfumuko wa zaidi ya asilimia 30 miaka ya 80, hawezi kusema hivyo. Mfumuko humwibia maskini kwanza, maana hana nyumba wala ardhi ya kukimbizia thamani. Benki kuu lazima iwepo na riba lazima ipandishwe wakati mwingine. Ninachokosoa ni mawili. La kwanza, kutibu kila mfumuko kana kwamba umeanzia kwenye mshahara, hata ulioanzia kwenye bomba la gesi au shamba lililokauka. La pili, ni kukataa deni. Kama nchi imeamua kwamba watu kadhaa wakae nje ili wengine wanunue mkate kwa bei ileile, basi hao walioko nje wanaidai nchi. Walipwe posho inayofuata bei bila kugandishwa, wafundishwe kazi nyingine, na zaidi ya yote wasitukanwe.

Mwaka 2025 vyote viwili vilikuwa vikipanda tena: Septemba mfumuko ulikuwa asilimia 3.8, na ukosefu wa kazi ulikuwa umefika karibu asilimia 5. Nilimweleza yule mzee wa Jamaika habari za mchoro, nikamchorea na mstari wenyewe nyuma ya bahasha ya bili. Akauangalia kwa muda, akaniuliza yeye yuko sehemu gani. Nikamwonyesha upande wa kulia, kule mstari unakolala chini. Akasema, "Basi nimefanya kazi miaka yote hii, na hawajanilipa."

Sikuwa na jibu. Mwenye jibu, au mwenye hoja ya kunipinga, alete. Najifunza.

Naomba kuwasilisha.